Umepangiwa kufundisha lishe kwa watu wa uhasibu? Kaa hapa tuongee

Juzi usiku nishazima taa, ikaingia meseji ndefu kutoka kwa binti mmoja, mwalimu msaidizi mpya kwenye chuo kimoja huku bara. "Shikamoo madam. Nimepewa kozi ya utangulizi wa lishe ya binadamu. Darasa lina watu 140, uhasibu, utalii, ustawi wa jamii na masoko. Wengi kemia waliitupa form two. Nimeachiwa slaidi 412. Naanzia wapi madam, naogopa." Nikacheka, halafu nikaacha kucheka, maana hiyo namba naijua. Zangu za mwaka wa kwanza zilikuwa mia tatu na kitu, na nilijivunia kila moja.

Sasa nimeona nijibu hapa hapa, maana najua wengi wenu mnaosoma mko njia hiyo hiyo, mnataka kufundisha vizuri na mnataka siku moja mwanafunzi akukute stendi akuite kwa jina.

Nilipoanza nilikuwa nimetoka zangu SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na masters ya lishe, kichwa kimejaa, suti mpya, na nilikuwa naamini kabisa kwamba kozi ikiwa rahisi basi mwalimu hajui. Wiki ya pili tu nikawa nipo kwenye kuvunjwa kwa glukosi, hatua kumi, naitaja enzaimu moja moja kwa Kiingereza nikiwa nimewageuzia mgongo, naandika ubaoni kama nimetumwa na mtu. Kijana mmoja nyuma akanyoosha mkono. "Madam samahani, hii itatoka kwenye mtihani au unatupa tu hamasa?" Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia akae chini, nikaendelea na hatua ya sita.

Matokeo ya test siyasemi, wenye akili mmeshaelewa. Kilichoniuma ni zile fomu za mwisho wa muhula ambazo wanafunzi wanamtathmini mwalimu bila kuandika majina. Kuna mmoja aliandika mstari mmoja tu: "Madam anajua sana ila hajui kama sisi hatujui." Miaka imepita, nimesahau hata majina ya baadhi ya watu niliosoma nao, ila ule mstari naukumbuka mpaka mwandiko wake, wino wa bluu, herufi zimelala kulia.

Nikanuna likizo nzima. Nikasema hawa ndio wazembe, hawataki kusoma. Halafu muhula mpya ulipoanza nikajikuta kwenye foleni ya chips nje ya geti, na mbele yangu wamesimama wanafunzi wangu watatu, hawajaniona, wanabishana. Mmoja anasema ukila chips mayai halafu ukashushia maji ya moto mafuta yanakatika, mwingine anasema hapana, kinachokata mafuta ni ndimu, wa tatu anasema nyie wote hamjui, mwili wa mtu mwembamba hauweki mafuta kabisa. Wamebishana mpaka chips zikatoka, zikafungwa, wakaondoka wanabishana. Na hawa ndio walikuwa wanalala kwenye kipindi changu! Basi nikasimama pale na mfuko wangu wa chips nikajiona mjinga, maana somo lote lilikuwa pale kwenye karai, mafuta hayakatiki kwa maji wala kwa ndimu, gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9 za nishati na ya wanga au protini ina 4, na hiyo tofauti peke yake ingetosha kipindi kizima kama ningeanzia kwenye chips badala ya kuanzia kwenye enzaimu.

Kwa hiyo mdogo wangu, ushauri wangu wa kwanza: anzia kwenye sahani.

Mimi nilianza na soda. Niliingia na chupa ya mililita 350, kilo ya sukari na kijiko cha chai, bila slaidi hata moja. Soda nyingi za kawaida zina kama gramu 10 za sukari kwenye kila mililita 100, kwa hiyo chupa ile ina gramu 35 hivi, na kijiko kidogo kikiwa sawasawa kinabeba gramu 4. Nikamwita mmoja aje achote mwenyewe amimine kwenye glasi tupu huku darasa linahesabu kwa sauti. Kwenye cha tano wakaanza kuguna, kwenye cha nane kukawa kimya. Hapo ndio nikawaambia Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 ni gramu 50, wapige hesabu wenyewe imebaki ngapi ukitoa chai ya asubuhi. Sikumkataza mtu soda. Na wewe usikataze, ukianza kukataza umeshakuwa shangazi wa msibani, watakuitikia halafu watakunywa.

Kitu kingine ni lugha. Sisi wote tulikaririshwa shule ya msingi, wanga unatia nguvu, protini inajenga mwili, vitamini inalinda, mpaka mtu mzima anaamini ugali NI wanga na maharage NI protini, kama vile Mungu aligawa. Halafu ukisema "wanga" darasani kuna wanaocheka wakikumbuka wanga wa usiku, wale wa ungo. Waache wacheke, ucheke nao, halafu waambie maharage makavu kwenye kila gramu 100 yana protini gramu 20 na kidogo, ila wanga ni zaidi ya nusu, na ugali nao una protini yake sio haba kwa mtu anayeula mara mbili kwa siku. Hapo utaona sura zinabadilika. Chakula ni kitu kimoja, virutubishi vilivyomo ni vingi, hilo tu likiwaingia umeshafanya kazi ya wiki tatu.

Watu wa uhasibu ndio walioniokoa, nasema kweli. Niliwapa kazi watafute gramu moja ya protini inauzwa shilingi ngapi sokoni. Wakarudi na jedwali safi kuliko yangu, kwa bei za wakati ule: yai la shilingi 350 lina gramu 6 hivi, gramu moja inakaribia shilingi 60. Nyama kilo moja shilingi 10,000, protini gramu karibu 200, gramu moja unapata kwa shilingi 50. Maharage kilo moja shilingi 3,000, protini gramu 220 hivi, gramu moja haifiki shilingi 14. Wakabishana dagaa wapimwe na vichwa au bila vichwa, wakabishana kama protini ya maharage ni sawa na ya yai (sio sawa, na hapo ndio nikapata nafasi ya kuingiza amino asidi, yaani vile vipande vinavyojenga protini, na kwa nini kula maharage na ugali kwenye sahani moja ni akili ya bibi zetu, kimoja kinaziba pengo la kingine). Mmoja akapiga hesabu ya soda, akasema madam hii unagawanya kwa sifuri, hailipi. Hilo darasa sikulifundisha mimi, lilijifundisha.

Wa ustawi wa jamii niliwapata kwa kwashakoo, ule utapiamlo wa watoto. Kila mtu analijua neno, wengi kama tusi la utotoni, ila hawakujua kwamba kwashiorkor, jina lake la kitaalamu, ni neno la lugha ya Waga wa Ghana ya leo, na kwamba aliyeliingiza kwenye majarida ya udaktari miaka ya 1930 ni daktari mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliyekaa akawasikiliza akina mama wenyewe wakimweleza kwamba huo ni ugonjwa anaopata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa. Yaani anaachishwa ziwa, anahamia kwenye uji mtupu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa na maelezo ndani ya jina. Dakika arobaini waliuliza maswali, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama litatoka kwenye mtihani.

Kuna mwalimu mwenzangu, jina nalihifadhi, aliniambia mbele za watu kwenye chumba cha chai kwamba siku hizi mimi nafundisha upishi. Sawa. Mwaka ule darasa langu lilijaa mpaka wengine wanakaa dirishani na lake lilikuwa na nafasi ya kulala. Nimesema sina kinyongo, ila nimekumbuka.

Sasa kabla hujafikiri nilishakuwa mtakatifu, ngoja nikwambie nilipoharibu kabisa.

Niliwapa zoezi la kuandika kila walichokula kwa siku tatu. Vitabu vyote vinalo hilo zoezi, nikaona ni la kawaida. Nikawa nasoma majibu kwa sauti darasani tuyachambue, bila majina, nikijiona mjanja. Karatasi moja ikawa na asubuhi chai na andazi, mchana P.N., usiku wali maharage. Siku ya pili, mchana P.N. Ya tatu, P.N. Nikauliza kwa sauti, "Jamani P.N. ndio chakula gani hiki kipya?" Darasa likalipuka. Mtu akajibu, "Pasi ndefu madam!" Yaani mchana hujala, unaurusha mpaka usiku. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka kabla akili haijafika. Boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa halijatoka wiki ya tano ile. Nilipoinua macho nikamwona mwenye karatasi, maana yeye peke yake ndiye alikuwa hacheki, anachora chora kwenye daftari. Hakuja kipindi wiki mbili. Aliporudi nilimwita ofisini nikamwomba msamaha, akasema "hamna shida madam" kwa ile sauti ya mtu anayetaka kutoka mlangoni.

Basi sikia, na hapa sasa nakemea, niruhusu. Usimwombe mwanafunzi akuonyeshe sahani yake kama hujui ina nini. Tunga familia, baba bodaboda, mama anauza genge, watoto watatu, bajeti ya siku elfu kumi, waambie wailishe. Watakuletea maisha yao wenyewe humo ndani bila mtu kuvuliwa nguo hadharani. Na usiwafundishe samaki salmoni na brokoli wakati pale nje kuna dagaa, mchicha, matembele na viazi vya njano. Walimu wa lishe tuna ugonjwa wa kusema "pendelea kula" kwa mtu ambaye anachopendelea ni kula tu. Waambie kitu ambacho hakiongezi bei: chai isinywewe pamoja na chakula, isogezwe mbele saa moja hivi, maana inazuia madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga kufyonzwa, na kipande cha chungwa au ndimu kinasaidia yaingie. Na rozela sio kwamba inaongeza damu kwa sababu ni nyekundu, hata chai ya rangi ni kahawia na haiongezi udongo. Anzia kwenye sahani, nimeshasema, ila isiwe ya yule mwanafunzi wa P.N.

Umeniuliza pia kama naweza kukutumia slaidi zangu. Sasa hivi ziko 9, na 4 kati ya hizo ni picha za sahani. Ntakutumia kesho nikifika ofisini. Mizani ya jikoni tafuta ya kwako Kariakoo, ile ya kwangu ya kwanza iliondoka na mtu wa utalii muhula wa pili na mpaka leo anasema anairudisha.