Re: Nimejua herufi za vidole, naweza kuanza ukalimani wa lugha ya alama Dodoma?

Bado, mdogo wangu. Herufi za vidole, yaani kutaja neno herufi moja moja kwa mkono, ni za majina na maneno yasiyo na alama. Mazungumzo yenyewe yanabebwa na mikono, uso na mwili. Ukiuliza swali uso mkavu, kiziwi anaweza kudhani umetoa taarifa tu. Ulizia mafunzo CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania), halafu piga soga na viziwi wenyewe, hata pale soko la Sabasaba.

Ukiitwa hospitali, simama karibu na daktari ili mgonjwa awaone wote wawili, na usimjibie. Ya chumba cha daktari yaishie humo humo, hata mama mkwe wa mgonjwa akikubana. Shati la maua liache nyumbani, linachosha macho. Malipo mkubaliane mapema, maana wengi hudhani unajitolea.