Mzee wa Kanisa, Mungu Alishakujibu

Marahaba, baba. Unasema wewe ni mzee wa kanisa hapo Morogoro, umefunga, umekesha, umepanda mlimani kuomba, na Mungu bado kimya. Pesa za kiwanja zimeliwa, mama watoto kahamia chumba cha binti, nawe unaniuliza kama ana "roho ya upinzani". Pole kwa pesa. Pole yangu inaishia hapo.

Kuna sentensi umeipitisha haraka haraka, ukidhani sitaiona: kwamba mkeo "aliwahi kupendekeza" mwende kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mkaulize kiwanja ni cha nani. Aliwahi kupendekeza! Hakusema mara moja huyo, baba. Alisema jikoni, akasema kitandani, nawe ukamjibu kwamba wewe ndiye kichwa cha nyumba na Bwana ameshakuthibitishia moyoni. Ukalipa, kiwanja kikatokea na mwenyewe. Sasa unapanda mlima kumuuliza Mungu mbona hasemi. Alisema, tena kwa sauti iliyovaa kitenge.

Fungua 2 Wafalme sura ya 5. Naamani, jemadari wa Shamu, alikuwa na ukoma, na habari ya kupona kwake ilianzia kwa kijakazi wa mkewe, msichana mdogo aliyetekwa Israeli. Alipofika kwa nabii Elisha, nabii hata hakutoka nje kumsalimia. Alimtuma mjumbe tu, akamwambie akaoge Yordani mara 7. Bwana mkubwa akapandwa na hasira, akaanza kusifia mito ya Dameski, akaondoka zake. Waliomrudisha ni watumishi wake. Na wewe hapo kwako una binti wa kidato cha pili aliyekwambia, "Baba, si umuombe tu Mama msamaha?" Ukamfukuza sebuleni. Hilo nalo umeniandikia kama ushahidi kwamba mama anaharibu watoto.

Ndoa za siku hizi zinanichosha. Mume anaweka mstari wa Mithali kwenye status, mke anamjibu kwa Zaburi, washarika wanaitikia Amina, na ndani ya nyumba hakuna anayemwambia mwenzake "nimekosa". Mtume Petro, naye alikuwa na mke, aliwaandikia waume wawaheshimu wake zao ili kuomba kwao kusizuiliwe. Ni 1 Petro 3:7. Bila shaka umeshaufundisha mstari huo. Nadhani huwa unaishia pale kwenye "chombo kisicho na nguvu".

Acha kufunga wiki hii. Leo jioni kaa mezani mle wote, na binti akiwepo umwambie mama yake: uliniambia, sikukusikiliza, nisamehe. Usiongeze "lakini". Kesho mwende pamoja kwa mwenyekiti na zile karatasi za mauziano, na ikibidi polisi. Mkifika, mwache yeye aeleze. Wewe shika bahasha.