Mtoto wangu ana nafasi kanisani? Majibu ya maswali yenu

Haya wapendwa, Bwana asifiwe, na wale wa upande wa pili Tumsifu Yesu Kristo. Niliomba mnitumie maswali kuhusu watoto wenye mahitaji maalum kanisani na kiukweli sikutegemea yangekuja mengi hivi, mengi ya kina mama na mengi yameandikwa usiku wa manane, yaani unaona kabisa mtu kashalaza mtoto ndo kapata nafasi ya kushika simu. Nimechagua yale yanayojirudia, majina nimeyatoa yote.

"Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka 6, ana usonji. Muziki ukianza tu anaziba masikio, anapiga kelele, saa ingine anakimbia mpaka madhabahuni. Mzee wa kanisa akaniambia mama huyu bora umwache nyumbani watu wasali. Sijarudi tena. Nisubiri akue kwanza?" – Mama, Mbagala

Marahaba mama, na pole sana. Usisubiri akue, maana usonji, yaani autism, ni hali ya ukuaji wa ubongo na haumwishi mtu kwa kukua, na mtoto ambaye hajawahi kuzoea kanisa akiwa na miaka 6 akija kuletwa na miaka 14 ni kazi mara kumi.

Kwanza tuongelee spika. Makanisa yetu siku hizi spika zinafunguliwa mpaka kifua kinatetemeka, na sisi wengine tunavumilia tu, ila kwa watoto wengi wenye usonji ile sauti inaumiza kabisa, hajifanyi wala hujamdekeza. Kwa hiyo anapoziba masikio anakwambia ukweli kwa njia aliyonayo. Jaribu ibada ya kwanza ya asubuhi, mara nyingi watu ni wachache na kelele ndogo. Kaa pembeni karibu na mlango, mbali na spika. Vile vikinga sauti vikubwa vya masikioni wanavyovaa mafundi wa mashine vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, mtafutie vinavyomkaa, wapo watoto wanaotulia kabisa wakivaa hivyo.

Halafu mpeleke siku ya katikati ya wiki kanisa likiwa tupu. Mwache azunguke, aguse mabenchi, afike huko madhabahuni anakokutaka mpaka hamu imwishie. Piga picha kwa simu: mlango, benchi lenu, kwaya, mchungaji, kapu la sadaka, mlango tena wa kutokea, uwe unamwonyesha kwa mpangilio huo huo kila Jumamosi jioni ili ajue kesho kitaanza nini na kitaisha nini, maana kinachowatisha wengi wao ni kutokujua kinachofuata. Na mara ya kwanza kaeni dakika ishirini mwondoke akiwa bado ana furaha. Wiki nyingine ongeza kidogo. Akichemka toka nae nje, akitulia rudini, kutoka na kurudi hakuna dhambi yoyote.

Upande wa mzee wa kanisa, usibebe hilo peke yako. Nenda kwa mchungaji ofisini siku ya kawaida, sio mlangoni baada ya ibada watu wamemzunguka, mweleze usonji ni nini na umwombe vitu viwili tu: sauti ipunguzwe ibada moja, na awatangazie waumini kwamba mtoto huyu ni wetu, akipiga kelele msigeuke kumkodolea mama yake. Lile tangazo la dakika moja lina nguvu kuliko semina nzima, watu wengi hawana roho mbaya, hawajaambiwa tu.

"Tumekubaliana kujenga njia ya wilchea pale mlango mkuu, tuna ngazi tatu. Fundi anasema mita mbili zinatosha." – Mzee wa kanisa, Iringa

Hazitoshi mzee wangu, hiyo itakuwa mteremko wa kutelezea. Kipimo kinachotumika ni moja kwa kumi na mbili, kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele. Kama ngazi zenu kila moja ni sentimita 15, tatu ni 45, kwa hiyo njia iwe na urefu wa mita 5 na sentimita 40, upana walau mita moja, kingo za pembeni, na sakafu ya kukwaruza sio vigae vinavyoteleza mvua ikinyesha. Kama nafasi ya mbele haipo ipindisheni. Na ndani kateni benchi moja katikati ya kanisa wilchea ipate nafasi, mtoto akae na familia yake, asiwekwe kwenye korido wala nyuma kabisa peke yake. Choo pia mkiangalie, watu wanajenga njia nzuri halafu mlango wa choo wilchea haipiti.

"Binti yangu miaka 9 ana kifafa. Alianguka kwenye ibada, wakamkandamiza chini wanakemea, mmoja akataka kumwekea kijiko mdomoni. Baadae nikaambiwa nikiendelea na dawa ni kukosa imani. Nimechanganyikiwa dada." – Mama, Mbeya

Dada yangu, dawa usiache. Naomba hili ulishike kabla ya mengine yote. Dawa ya kifafa ikikatishwa ghafla degedege linaweza kuja mfululizo bila kukoma na mtoto anaweza kufa. Kama kuna kubadilisha dozi, anayebadilisha ni daktari wa kliniki yake.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Kinaweza kuletwa na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kali iliyopanda kichwani, kuumia kichwa, hata mayai ya minyoo ya tegu ya nguruwe, na saa ingine sababu haijulikani. Kule Mahenge, kusini mwa Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960, alikuta wagonjwa wametengwa, wengine wamejaa makovu ya moto kwa kuangukia mafiga maana watu waliogopa kuwagusa wakiamini mapovu yanaambukiza. Hayaambukizi. Walipoanza kupewa dawa wengi wakapata nafuu, wakarudi kula na wenzao na kulima. Sasa miaka yote hiyo imepita na sisi bado tunamkandamiza mtoto sakafuni mbele ya watu, inaniuma sana.

Waambie wahudumu wa kanisa lako hivi, ikibidi uwaandikie kwenye karatasi: akianguka sogezeni mabenchi, wekeni kitenge kilichokunjwa chini ya kichwa, mlazeni ubavu, legezeni nguo ya shingoni, mtu mmoja aangalie saa. Msimshike kwa nguvu, msiweke kitu chochote mdomoni, msimpe maji mpaka azinduke kabisa. Ikipita dakika 5, au ikirudi kabla hajazinduka, hospitali haraka. Na kumwombea muombeeni, nani kakataza, kwa sauti ya chini na mkono begani akiwa amelala ubavu. Akizinduka atakuwa na usingizi na aibu, mfunikeni kama amejikojolea na mmwachie mama yake.

Huyo aliyekwambia habari za kukosa imani, kama ni kiongozi, muulize mchungaji wako mbele yake kama hayo ndo mafundisho ya kanisa lenu. Kama mchungaji nae anasema hivyo hivyo mimi ningetafuta pengine pa kusali, nakwambia wazi.

"Mwanangu ana Daun sindromu, miaka 12. Katekista anasema hawezi kupokea komunyo ya kwanza sababu hawezi kukariri sala wala kujibu maswali. Misa hakosi na anapenda sana." – Baba, Mwanza

Baba, nenda kwa paroko na uende na haya. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 777, inamtaka paroko ahakikishe hata wenye ulemavu wa mwili au akili wanapata mafundisho kadiri hali yao inavyoruhusu. Ni wajibu wake, hujaenda kuomba upendeleo. Tangu mwaka 1910 Papa Pius wa kumi alishasema kinachotakiwa kwa mtoto ni kutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Na maaskofu wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 1995 wakaeleza kwamba kwa mwenye ulemavu wa akili kule kutambua kunaweza kuonekana kwa mwenendo, kwa ishara, au kwa ukimya wa heshima, sio lazima aseme kwa mdomo. Huo mwongozo ni wa kwao ila paroko wako anaweza kuutumia kuona wengine wamefanyaje.

Wewe mwenyewe mwangalie mwanao wakati wa mageuzo, pale padri anapoinua hostia, ule mkate wa komunyo. Ananyamaza? Anapiga magoti bila kuambiwa? Anakuvuta mkono muende mbele? Mweleze paroko hayo. Na mwombe katekista amfundishe kidogo kidogo peke yake, kwa picha, kwa kumpeleka kuona tabernakulo, lile sanduku inapotunzwa Ekaristi, amshikishe hostia ambazo hazijawekwa wakfu aonje ladha ili siku yenyewe asiteme kwa mshtuko. Mzazi mwenye mtoto asiyeweza kumeza kitu kigumu nae ajue, kanuni ya 925 inaruhusu kupokea kwa umbo la divai peke yake inapobidi.

Walutheri nao mnaniuliza habari ya kipaimara, mtihani wa kuandika ndo unawaangusha watoto wetu. Ongeeni na mchungaji mapema, mwaka wa kwanza wa mafundisho, aulizwe kwa mdomo au kwa picha. Wiki ya mwisho inakuwa ugomvi tu.

"Nina watoto karibu 60 sande skuli, mmoja ni kiziwi. Anakaa tu anaangalia wenzake. Sijui alama hata moja." – Mwalimu, Dodoma

Mdogo wangu, uko Dodoma halafu unaniuliza mimi, wakati Buigiri hapo jirani ndo kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wasioona mwaka 1950, na Tabora Wakatoliki wakafungua shule ya viziwi mwaka 1963. Nakutajia hayo kwa sababu nzuri, watu wanaongea kama hili jambo limeletwa juzi na wafadhili, kumbe makanisa yalianza kitambo kufundisha hawa watoto darasani, ila Jumapili tukawasahau.

Anza na alama kumi tu: Mungu, Yesu, asante, njoo, kaa, imba, omba, vizuri, jina lako, jina la mwenzako. Kama mtoto anasoma shule ya viziwi, mwalimu wake au yeye mwenyewe atakufundisha, au watafute CHAVITA, chama cha viziwi. Usitegemee atasoma midomo, wengi hawawezi, ila simama penye mwanga na usiongee umegeukia ubao. Hadithi igizeni, watoto 60 ni jeshi zima hilo, mmoja Zakayo mmoja mkuyu. Na wimbo mmoja ufundishe darasa lote kwa alama, yeye ndo awe anawasahihisha mikono wenzake. Utaona atakavyobadilika siku akiwa mwalimu.

"Nina miaka 16, natumia wilchea. Kila mgeni akija kuhubiri naitwa mbele niombewe nisimame. Nisiposimama watu wananiangalia vibaya. Nimechoka." – Kijana, Nakuru

Mwanangu, una haki ya kusema hapana asante. Yesu mwenyewe alimuuliza Bartimayo "Wataka nikufanyie nini?" kabla hajamponya, iko Marko 10, na yule alikuwa kipofu waziwazi. Mwambie mchungaji wako amwambie mgeni kabla ya ibada kwamba wewe hauitwi mbele mpaka ukubali mwenyewe. Na wale wa kunong'ona dhambi ya nani, wasome Yohana 9, huyu hakutenda dhambi wala wazazi wake. Unapenda nini kanisani, kinanda? Mitambo? Nenda ukaombe kazi hiyo.

"Binti yangu miaka 11 ana mtindio wa ubongo, anatumia wilchea na mkono mmoja ndo unafanya kazi vizuri. Anataka kushika kapu la sadaka kama wenzake. Nimwambie mchungaji au nitajitafutia aibu?" – Mama, Moshi

Mwambie, na mwambie wiki hii. Sisi tunawapa hawa watoto maombi, zawadi za Krismasi na picha za pamoja, kazi hatuwapi, na mtoto anajua kabisa kwamba wenzake wanahitajika na yeye anahurumiwa.

Nendeni kanisani Jumamosi mjaribu. Kapu jepesi, lifungwe kwenye meza ndogo ya wilchea yake au apakate mapajani, apewe safu mbili za mbele anazoweza kuzimaliza bila haraka, mtoto mwingine wa sande skuli amsukume, sio wewe. Kama kapu litamwagika waokote pamoja, hela haivunjiki. Mpangilio wa zamu uandikwe jina lake kama la wengine, lisiwe jambo la siku moja ya kupiga picha. Halafu niandikie mchungaji amekujibu nini, akikataa nitataka kujua amekataa kwa sababu gani.