Frikwensi hasi moja haitoshi, wadogo zangu

Juzi mdogo wetu mmoja wa kemia ya kompyuta karuka kitini: "Kaka, frikwensi hasi moja! Hali ya mpito nimeipata!" Hali ya mpito ni kilele cha njia ya mmenyuko, na frikwensi hasi ni mtikisiko unaoshuka kutoka kileleni hapo. Nikamuuliza kama ameitazama inavyotikisika. Kimya. Haya, kaeni niwaambie.

1. Frikwensi hasi moja si cheti. Mimi yamenikuta. Nilikuwa nafuatilia hatua ya kwanza ya Suzuki, mmenyuko wa kuunganisha kaboni na kaboni: paladiamu yenye fosfini mbili za trifenili ijipenyeze kati ya kaboni na bromini ya bromobenzini. Kazi ikakaa foleni ya seva siku tatu, ikarudi na frikwensi hasi moja, 31 cm⁻¹. Nilifurahi hata nikaipiga picha. Juu yake nikajenga mzunguko mzima wa kichocheo, transmetalesheni (paladiamu kupokea kundi kutoka kwa boroni) na kila kitu, miezi minne. Siku ya kikao msimamizi akasema kwa upole, "Hebu tuione ikicheza." Nikabofya. Kaboni na bromini zimetulia kama wageni wa heshima. Kule pembeni kipete kimoja cha fenili kwenye fosfini kinajizungusha taratibu, kama feni ya dari umeme ukiwa mdogo. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Nikaenda kukimbiza IRC, hesabu ya kushuka kutoka kileleni pande zote mbili, kitu cha siku ya kwanza, nikakuta upande huu paladiamu na bromobenzini, na upande wa pili paladiamu na bromobenzini zilezile. Kifungo hakikuguswa. Miezi minne nilikuwa nasoma jinsi fenili inavyogeuka usingizini.

2. B3LYP (mbinu ya kukokotoa nishati) bila D3 (marekebisho ya mvutano hafifu kati ya atomu) kwenye fosfini nene msiniletee.

3. Ligandi (molekuli inayoshikamana na metali) ikitoka au ikiingia, kumbukeni ile kilokalori 1.89 kwa moli kwa kila molekuli, ya kuhama kutoka atm 1 kwenda moli 1 kwa lita. Mnaidharau, wakati kilokalori 1.36 tu kwa moli, kwenye nyuzi 25, inabadilisha kasi ya mmenyuko mara 10.

4. Tafuteni konfoma (mikao tofauti ya molekuli ileile) kabla ya kujisifu. Na majina ya mafaili, jamani! "mwisho", "mwisho2", "mwisho_kweli". Nacheka, ila mwaka jana nilifungua "mwisho_kweli3" yangu mwenyewe nikakuta nimesahau chaji ya asetati. Nusu siku nikailaumu seva.

Yule mdogo kanitumia ujumbe sasa hivi: kumbe ni methili inayozunguka. Ameanza upya, safari hii kabana kwanza umbali wa kaboni na bromini.