Mkono umevimba baada ya oparesheni ya titi, masaji ya limfu inasaidia?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 54, niko Morogoro. Mwaka juzi nilitolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, nikapigwa mionzi, namshukuru Mungu naendelea vizuri. Sasa tangu mwezi wa pili huu mkono wa kushoto umevimba, hauumi sana ila mzito, pete haiingii na gauni linanibana mkononi. Jirani yangu ni mkandaji mzuri, kila jioni ananikanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, anakaza kweli kweli lakini naona uvimbe unazidi. Binti yangu kasoma mtandaoni kuna masaji ya limfu. Je ndo hiyo hiyo anayonifanyia jirani? Na inaponya?

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana kwa yote uliyopitia. Naanza na la haraka: jirani mshukuru kwa moyo wake, ila aache kukukanda kuanzia leo. Maji ya moto yanaita damu nyingi zaidi mkononi, damu ikija nyingi na maji yanayovuja kwenye nyama yanakuwa mengi, alafu kule kukaza kunaumiza vimishipa laini vilivyo chini tu ya ngozi ambavyo ndo tunavitegemea viondoe hayo maji. Ndo maana unazidi.

La pili, rudi hospitali uliyotibiwa, wakuangalie kwanza. Najua nauli na foleni zinachosha, lakini mkono unaoanza kuvimba muda baada ya matibabu unaweza kuwa ni maji ya limfu tu, au damu imeganda kwenye mshipa, au ugonjwa unarudi kwapani, na mtu wa masaji hawezi kukutofautishia haya matatu kwa kukushika.

Wakishakuhakikishia ni limfu, sasa tuongee. Mwilini kila siku kuna maji yanavuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu, yanazunguka kwenye nyama, alafu mishipa ya limfu inayazoa, inayapitisha kwenye tezi za kwapani, kinenani na shingoni yachujwe, mwisho yanarudi kwenye damu karibu na mtulinga, ule mfupa wa mbele chini ya shingo. Huku hakuna moyo wa kuyasukuma. Yanasogea kwa mishipa yenyewe kujibana, kwa misuli ukitembea au ukikunja ngumi, na kwa pumzi. Wewe tezi za kwapani zimetolewa na mionzi imekaza pale, kwahiyo njia imekuwa nyembamba.

Masaji ya limfu yenyewe ilianzishwa na mtu na mkewe kutoka Denmark, Emil na Estrid Vodder, walikuwa wanafanya kazi Cannes kule Ufaransa, wakaitambulisha Paris mwaka 1936. Na mtu akiiona mara ya kwanza anadhani haifanyi kitu maana ni nyepesi mno! Hakuna mafuta, hakuna kukandamiza. Mtaalamu anaweka kiganja flati juu ya ngozi, anaivuta ngozi taratibu kuelekea upande maji yanakotakiwa kwenda, anaachia, ngozi inarudi yenyewe, anarudia tena na tena polepole pale pale. Ikikuuma au ngozi ikabaki nyekundu, ujue imekosewa.

Na hawaanzii kwenye uvimbe, hili ndo watu wengi hawalijui. Wanaanza shingoni, wanakwambia uvute pumzi ndefu ya tumboni, wanaenda kwapa la kulia ambalo ni zima, na kinena cha kushoto, alafu kifua na mgongo, ndo waje mkono wa juu karibu na bega, kiwiko, mwisho kabisa vidole. Ni kama foleni ya Ubungo, ukitaka gari za nyuma zisogee lazima za mbele ziachiwe kwanza. Kwapa la kushoto halipitishi vizuri kwahiyo maji yanatafutiwa njia ya kuzungukia upande wa pili.

Sasa inaponya? Hapana mama, sitaki kukudanganya. Hali hii ukishaipata unaishi nayo, inadhibitiwa, na wapo wanaoidhibiti vizuri mpaka hata wewe usijue. Ila masaji peke yake ukishuka kitandani maji yanaanza kurudi, yaani kazi kubwa inafanywa na kufungwa bendeji. Wanafunga mkono mzima kuanzia vidoleni kwa tabaka kadhaa za bendeji zisizovutika sana, unakaa nazo, unafanya mazoezi zikiwa zimefungwa. Kipindi cha kwanza huwa karibu kila siku kwa wiki 2 mpaka 4, mkono ukishapungua wanakupimia soksi ya mkono ya kubana unavaa mchana. Uchambuzi wa tafiti wa 2015 wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, ulionyesha masaji ikiongezwa juu ya bendeji inaweza kuongeza nafuu kidogo, hasa kwa ambao uvimbe wao haujawa mkubwa, na ni salama. Wewe bado ni mapema, usisubiri mkono ukakaza. Jaribu kubonyeza kwa dole gumba sekunde kama 10, kama kishimo kinabaki ujue bado ni maji na hapo ndo matibabu yanashika vizuri.

Uliza kitengo cha fiziotherapia hapo hospitali, na uliza wazi: "kuna mtu amesomea uvimbe wa limfu?" Sio kila fiziotherapia anaijua hii. Usijifunge bendeji ya kawaida ya duka la dawa mwenyewe, ikibana juu zaidi kuliko chini mkono ndo utajaa vizuri.

Nyumbani linda ngozi. Paka mafuta isipasuke, vaa glavu ukiosha vyombo au ukilima, kidonda hata cha sindano osha kwa sabuni, na kama inawezekana sindano na dripu toa mkono wa kulia. Siku mkono ukawa wa moto, unauma, ngozi imebadilika rangi na una homa, acha masaji na bendeji zote, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hayo ni maambukizi yanataka antibayotiki.

Na wale wanaokwambia usibebe kitu maisha yako yote, hapana. Kuna utafiti wa Marekani wa 2009 wa wanawake 141 wenye hali kama yako, walionyanyua vyuma kidogo kidogo chini ya msimamizi, wakiwa wamevaa soksi, uvimbe haukuzidi, tena waliozidiwa ghafla walikuwa wachache kuliko wasionyanyua. Kwahiyo ndoo unaweza kurudia, ila anza na kidumu kidogo na uongeze polepole.

SWALI: Mambo! Niko Sinza, kuna spa wanafanya masaji ya limfu wanasema inatoa sumu na inakata tumbo. Nikafanye? Dada, miaka 29.

JIBU: Poa mdogo wangu. Sumu zinatolewa na ini na figo, na wewe ukiwa mzima limfu yako inatembea yenyewe bila kulipiwa. Mafuta ya tumbo hayatoki kwa masaji, unachoona siku ile ni maji tu. Ukitaka kupumzika nenda, ni nzuri kwa hilo. Ila mwenye moyo uliochoka au figo zilizofeli asiende, na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma usipeleke spa, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda. Mjamzito aliyevimba uso na mikono huku kichwa kinauma au anaona maruweruwe, huyo ni kliniki sasa hivi, inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba.

SWALI: Asalaam aleikum. Babu yangu yuko Makunduchi ana matende mguu mmoja miaka mingi. Hiyo masaji inamfaa?

JIBU: Waaleikum salaam. Ni limfu hiyo hiyo, ila kwake mishipa imeharibiwa na minyoo inayoletwa na mbu. Zile dawa za kumezeshwa zilizoanza Zanzibar 2001 zinakata maambukizi, mguu uliokwishavimba hazirudishi. Masaji inaweza kusaidia kidogo, lakini kwa babu sabuni ni muhimu kuliko masaji. Kila siku osha mguu kwa maji yasiyo moto na sabuni, ingia kwenye kila mkunjo na katikati ya vidole, kausha kwa kugusa gusa na kitambaa safi usisugue. Penye fangasi au vidonda paka dawa. Zile homa za mara kwa mara mguu unapowaka zinatokana na bakteria wanaoingia kwenye mipasuko, na kila homa inaongeza uvimbe. Akikaa ainue mguu, akunje na kukunjua kifundo mara nyingi kwa siku, usiku weka mto chini ya godoro upande wa miguu kama hana shida ya moyo. Na kama ana busha pia asione haya kusema, hilo masaji haihusiani nalo, linaondolewa kwa oparesheni, mpeleke kwa daktari wa upasuaji.