Nimemwambia Mungu amenisahau. Je, nimekufuru?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 38, naishi Pasua hapa Moshi, nauza mitumba Kiborloni. Mume wangu alikuwa mgumu, yaani mpagazi, akibeba mizigo ya wageni mlimani. Mwaka jana aliteleza akaumia mgongo, na mpaka leo yuko kitandani. Kwenye jumuiya yetu ya kanisa mimi ndiye naongoza maombi. Wakiniuliza hali ya mume wangu nasema, "Bwana ni mwema, Baba anaendelea vizuri." Si kweli. Juzi usiku nilipiga magoti nikamwambia Mungu: "Umenisahau. Zaka sijaruka hata mwezi mmoja, ndiyo malipo yenyewe haya?" Mwenzangu akasema nimekufuru, nipande mbegu, yaani nitoe sadaka ya laki moja, nifunguliwe. Sasa hata kuomba naogopa.*

Marahaba, mwanangu. Pole, tena pole sana. Kumgeuza mtu mzima kitandani usiku kucha, halafu alfajiri uwe Kiborloni unasubiri belo lifunguliwe, hiyo ni kazi ya watu watatu.

Hujakufuru. Fungua Zaburi ya 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Ni neno lako lilelile, na limo kwenye kitabu tunachokwenda nacho kanisani kila Jumapili. Ukiweza soma na ya 88. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa. Hii haigeuki, inaishia gizani, na bado imewekwa humo tuiombe.

Mama yangu, kule Marangu, alikuwa na sala mbili. Ya kanisani ilikuwa ya Kiswahili kilichonyooka. Ya pili niliisikia nikiwa mdogo, mwaka ambao kahawa haikulipa na ada ya kaka yangu ilikuwa inadaiwa. Nilimfuata kihambani, shamba letu la nyumbani, nikamkuta amesimama katikati ya migomba, mundu mkononi, anamwambia Mungu kwa Kichagga kama anavyoongea na mtu aliye mbele yake: "Ruwa, sina. Unaona mwenyewe kwamba sina." Akanyamaza, akafuta pua kwa upindo wa khanga, akaendelea kukata majani ya ng'ombe. Ada ilipatikana kwa kuuza ndama. Lakini kilichobaki kwangu ni ile sauti. Hakujipamba.

Kwa hiyo kulia kwako sikukatazi. Ninapokuzuia ni kwenye zaka. "Umenisahau" ni neno la mtoto kwa baba yake. "Ndiyo malipo yenyewe haya" ni neno la mtu aliyekuja na daftari la madeni. Katika Luka 18 Farisayo alisimama hekaluni akataja kufunga kwake na zaka zake. Mtoza ushuru alisimama mbali, hakuthubutu hata kuinua macho: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Yesu akasema huyu wa pili ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki. Sisemi mgongo wa mumeo ni adhabu ya dhambi yako, nisieleweke hivyo kabisa. Nasema daftari liweke chini. Likiwa mkononi, kila siku unajumlisha badala ya kuomba.

Kuhusu mbegu ya laki moja: hapana. Pesa hiyo ni ya dawa na nauli ya kliniki, na kliniki mumeo asiache.

Sasa jumuiya, maana hapo ndipo barua yako iliponikalisha muda mrefu. Mungu ulimwambia ukweli, watu wake ukawaficha. Mwangalie Yesu Gethsemane. Aliomba kikombe kimwepuke, akaomba mara ya pili, na ya tatu, kila mara akimwachia Baba neno la mwisho. Lakini kabla ya kupiga magoti aliwaambia Petro na wana wawili wa Zebedayo: "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa." Mwana wa Mungu alitaka watu wa kukesha naye! Ni kweli walilala, na wewe huenda mmoja wa wenzako akalala, au akapeleka habari zako sokoni. Waambie hivyohivyo. Anza na wawili unaowaamini, na mzee wa kanisa wa mtaa wenu. Kama uko kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, uliza habari za mfuko wa jamii; umechangia shida za wengine, na yako ni shida pia.

Na mumeo. Barua yako yote haina hata neno lake moja. Mtu aliyekuwa anapanda Kilimanjaro na mzigo kichwani, leo analala akitazama bati, bila shaka ana ya kwake ya kumwambia Mungu. Usiku wa leo usiende kuombea pembeni. Kaa ukingoni mwa kitanda, mshike mkono, umwache aanze yeye, hata kama ni kwa hasira.

Jumuiya ikikutana tena, mwombe mwingine aongoze. Wakiuliza hali ya Baba, sema bado hajasimama na unga nyumbani umeisha. Kisha kaa chini, wakuombee wao.