Farasi wawili nyumbani: anza hesabu yako na mwezi wa tisa

Ndugu uliyeuliza jana, nimesoma swali lako mara mbili. Umenunua hektari tatu nje ya Lubumbashi, upande wa Kipushi, unahama mjini na familia mwezi ujao, na unataka kuwachukua farasi wenu wawili ambao mpaka sasa wanalala kwenye klabu ya wapanda farasi. Unasema majani yamefika kiunoni, kwa hiyo chakula kipo. Hapo ndipo niliposhituka, maana miaka sita iliyopita, mwezi wa pili kama sasa, nilisimama katikati ya majani yangu huku barabara ya Kasenga nikasema maneno hayohayo.

Mwezi wa pili, Katanga nzima ni malisho. Rudi kwenye shamba hilo mwezi wa tisa. Mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa nne, baridi ya mwezi wa sita na wa saba imeshakausha kilichobaki, watu wamechoma pori kutafuta panya na kusafisha mashamba, vumbi jekundu limelala juu ya kila kitu. Vijiti vilivyosimama hapo farasi atavitafuna, lakini havimshibishi. Na mvua ya kweli usiitegemee kabla ya mwezi wa kumi na moja.

Fanya hesabu hii kabla ya kuita lori. Farasi wa kilo 400 anahitaji kwa siku chakula kikavu cha karibu asilimia 2 ya uzito wake, yaani kilo 8. Wawili ni kilo 16. Kuanzia katikati ya mwezi wa sita mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na moja, hizo ni zaidi ya tani mbili na nusu za nyasi kavu. Mimi naweka tani tatu na nusu, kwa sababu mchwa na ukungu nao wanataka sehemu yao.

Sasa shida iko hapa, na ilinichukua misimu miwili kuielewa: nyasi nzuri ni za mwezi huu, zinapoanza kutoa maua, lakini jua la kuzikausha ni la mwezi wa nne. Ukikata leo, mvua ya saa nane mchana inazioza. Ukingoja mwezi wa tano, umekata fito. Tunachofanya ni kufyeka sehemu ya malisho mwishoni mwa mwezi wa kwanza au mwanzoni mwa wa pili, majani hayo wanayala mabichi, halafu sehemu hiyo tunaifunga, mnyama hakanyagi. Mvua zinapokatika panakuwa na machipukizi ya wiki nane au tisa, yenye majani mengi. Hayo ndiyo tunayakata, tunayageuza juani siku tatu, tunayaweka ghalani juu ya miti, mbali na sakafu. Usiyaweke yakiwa na unyevu. Nyasi mbichi zikirundikwa zinapata joto ndani, zinaweza kuwaka zenyewe bila mtu kuleta kiberiti. Mimi naingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kila jioni wiki ya kwanza. Nikisikia joto, tunafumua rundo lote hata kama ni usiku.

Mwaka wa kwanza sikuwa na ghala, na nitakuambia nilichofanya ili usikirudie. Nyasi zilipoisha nilikimbilia pumba za mahindi. Zinapatikana kila mahali, kila kinu kinaziuza, na farasi anazipenda. Neema, jike wetu, aliendelea kunenepa, mimi nikafurahi. Baada ya miezi kadhaa akaanza kuchechemea, leo mguu huu, kesho ule. Fundi wa kwato hakuona kitu. Halafu mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akimpiga brashi kila asubuhi, akaniambia: "Uso wake umebadilika." Ni kweli, mifupa juu ya taya ilikuwa imevimba pande zote mbili. Daktari wa mifugo alipofika aliuliza swali moja tu: anakula nini? Pumba zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno, na mwili unapokosa kalisi unaichota kwenye mifupa. Nilikuwa nikimlisha mnyama wangu huku mifupa yake ikiisha, na nilikuwa nikimwona kila siku. Mpaka leo linaniuma.

Tulipunguza pumba mpaka zikabaki kiganja, tukaongeza mawe ya chokaa yaliyosagwa, yale wanayonunua wafugaji wa kuku wa mayai (usichanganye na chokaa ya kupaka nyumba, hiyo inaunguza), na majani makavu ya karanga. Kuchechemea kuliisha. Uso haukurudi kama zamani. Ujue pia kwamba matete na zile nyasi za setaria zina kitu kinachofunga kalisi hivyohivyo, kwa hiyo usizifanye chakula chao cha pekee.

Na mahindi yenye ukungu, hata kidogo, hapana. Mbuzi anaweza kupona. Farasi anaharibika ubongo na kufa. Gunia likinuka, litupe, usimpe kwa kuwa umelilipia. Farasi hawezi kutapika, kinachoingia kimeingia.

Maji: kila mmoja hunywa lita 30 hadi 40, siku za joto zaidi. Hiyo ni bidoni nne za lita 20 kwa wawili, kila siku, kabla hujaosha hata sufuria. Kwa hiyo pima kisima chako mwezi wa kumi, maana maji unayoyaona leo ni ya mvua.

Ugonjwa ninaouogopa kuliko yote ni tauni ya farasi, ile inayoletwa na vijidudu vidogo kuliko mbu, vinavyouma kuanzia jua linapozama mpaka alfajiri. Farasi asubuhi anakula, kesho yake povu linamtoka puani. Wengi wanaougua hawaponi, na dawa ya kuiponya haipo. Chanjo ipo, inatengenezwa Afrika Kusini, na lazima ibaki kwenye baridi njia nzima. Ongea na daktari wa mifugo mapema, wakati wa kiangazi, usingoje mvua zianze. Wangu wanaingia zizini saa kumi na moja jioni, madirisha yana wavu mwembamba. Kupe tunawatoa kwa mkono kila siku, chini ya mkia na ndani ya masikio.

Kwato zinakatwa kila wiki sita hadi nane. Fundi anatoka mjini, tunamlipia usafiri, basi.

Umefanya vizuri kuwa na wawili. Sisi tulianza na Neema peke yake, akawa anatembea kando ya uzio usiku kucha akiita. Ukilazimika kutanguliza mmoja, mtafutie hata mbuzi wa kukaa naye.

Kwa hiyo ombi langu: hamieni nyie kwanza, farasi wabaki klabuni mwaka huu. Wiki hii fyeka hektari moja uifunge. Mwezi wa tano, nyasi zikishakauka, lima njia ya kuzuia moto kuzunguka ghala, upana wa mita tano, udongo mtupu. Mwezi wa tisa njoo kwangu Jumapili, ukae siku nzima, tupime pamoja kilichobaki ghalani. Kama rundo lako nalo linatosha kufika mwisho wa mwezi wa kumi na moja, nitakuja na lori tuwachukue wote wawili siku moja.